Unga wa kijani mpakani: chakula tunachokiuza kama tiba ya saratani

MWEZI uliopita nilivuka Mugina nikitoka Manyovu, na kabla sijamaliza shughuli za uhamiaji nilikuwa nimeshaonyeshwa unga wa kijani mara mbili. Wa kwanza ulikuwa katika kopo zuri lenye picha ya ziwa na jua linalochomoza. Wa pili ulikuwa katika kifuko kilichozibwa kwa moto wa kiberiti, hakina jina wala tarehe. Wauzaji wote wawili waliutaja kwa neno lile lile, spirulina, na nilipouliza unasaidia nini walianza na kisukari, wakaja kwenye presha, wakamalizia na saratani.

Ningepita zangu kama nilivyozoea kuwapita wauza dawa za meno na za mapenzi. Lakini nina jirani, mama wa watoto wanne, tuliyerudi naye kutoka kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Mwaka jana alipata uvimbe kwenye titi. Alikwenda Bujumbura, akakatwa kinyama kidogo cha kupimwa, akaambiwa ni saratani na kwamba apasuliwe mapema, kisha afuate dawa. Hakurudi. Kwa miezi mitano amekuwa akinywa unga wa kijani, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, ulionunuliwa kwa fedha ya mbuzi wawili. Uvimbe uliokuwa kama punje ya harage sasa ni kama yai, na ngozi juu yake imevutika kwa ndani.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa biolojia, si daktari. Lakini swali alilonijia nalo mwanawe ni la biolojia: je, unga huu una kitu, au ni udanganyifu mtupu? Jibu si fupi, na ndiyo maana unawapata watu wengi, hata waliosoma. Una kitu. Tatizo ni umbali uliopo kati ya hicho kitu na kile kinachosemwa sokoni.

Tuanze na kitu chenyewe. Spirulina ni kiumbe kidogo cha majini ambacho watu wamezoea kukiita mwani wa kijani na buluu. Kwa hakika ni aina ya bakteria, ila bakteria huyu hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani yanavyofanya. Ukimtazama kwa darubini amejikunja kama springi ya kalamu, na jina lake limetoka hapo. Anapenda maji ya magadi, yale makali ambayo samaki wengi hawayawezi. Sisi tuliokulia Kigoma tunayajua magadi. Mama zetu waliyatia kwenye maharage yaive upesi na kuni zisiishe. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Bogoria na Nakuru nchini Kenya, ndege wa rangi ya waridi ambao Kiswahili cha vitabuni huwaita heroe wamekuwa wakimla kiumbe huyu kwa maelfu, na rangi yao nzuri hutokana na chakula hicho.

Binadamu naye amemla tangu zamani. Wahispania walipoingia Mexico katika karne ya 16 walikuta wenyeji wakiuza vipande vya mwani uliokaushwa, uliovuliwa katika ziwa Texcoco. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Chad. Huko, wanawake wa kabila la Kanembu huchota tope la kijani kwenye vidimbwi vya magadi vilivyo kandokando ya Ziwa Chad, hulimwaga juu ya mchanga, maji yakinyonywa hulikata vipande na kulianika. Kipande hicho huitwa dihe. Nyumbani hupondwa, huyeyushwa majini na kuchujwa mchanga, kisha huungwa kwa pilipili, na samaki au nyama ikiwapo, kikaliwa na ugali wa uwele. Mwaka 1940 Mfaransa Pierre Dangeard aliandika habari za vipande vilivyotoka huko, na katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Jean Léonard, akavikuta sokoni na kuvitambulisha kwa ulimwengu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu ziwa dogo la Kossorom ulikadiria kwamba wanawake wa eneo hilo peke yake huvuna tani 40 za dihe kwa mwaka, zenye thamani ya zaidi ya dola 100,000 katika masoko ya kwao.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaonisoma waitazame hesabu hiyo vizuri. Akina mama wale wamejenga biashara ya dola laki moja kwa kuuza mboga. Hata kwao imani hazikosekani. Imeandikwa kwamba wajawazito hula dihe kwa kuamini kuwa weusi wake humficha mtoto tumboni asionwe na wachawi. Lakini kilichoibeba biashara hiyo ni chungu cha mchuzi.

Na kama mboga, haina ubishi. Zaidi ya nusu ya uzito wa unga mkavu, asilimia 60 hivi, ni protini. Una madini ya chuma kwa wingi, na ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hapa ndipo hesabu ya shule ya msingi inapohitajika. Anayekunywa kijiko kidogo cha gramu tatu kwa siku anapata protini isiyofika gramu mbili. Yai moja lina gramu sita. Ndagala wetu waliokaushwa vizuri nao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na hakuna anayewapima kwa kijiko cha chai. Halafu kuna vitamini B12, ambayo makopo mengi huitangaza kwa herufi kubwa. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya B12 iliyomo ndani ya spirulina ni ya bandia, inafanana na ile halisi lakini mwili wa mtu hauwezi kuitumia. Asiyekula nyama wala samaki akaitegemea hiyo, atajidanganya.

Burundi ni nchi ambayo utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo siwezi kuudharau unga wowote wenye protini. Wenzetu wa Burkina Faso wameshaujaribu kwa watoto wenye utapiamlo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003, ambao watoto walipewa gramu tano kwa siku kwa miezi mitatu, haukuona kwamba waliopewa spirulina walipata nafuu kuliko waliolishwa vizuri kwa njia ya kawaida. Mwingine wa mwaka 2006, wa watoto 550 mjini Ouagadougou, uliona nafuu kubwa zaidi pale spirulina ilipochanganywa na unga wa lishe wa uwele, soya na karanga. Mimi nikisoma matokeo hayo mawili kwa pamoja naona kwamba uji ndio unaomwinua mtoto, na unga wa kijani unaweza kuusaidia uji. Si haba. Lakini mama mwenye fedha ya kopo moja, akiniuliza, nitamwambia anunue soya, karanga na ndagala, na chenji anunue lengalenga.

Sasa tuje kwenye saratani, maana ndiyo inayowatoa watu mbuzi zizini.

Wauzaji wanaposema utafiti umethibitisha, mara nyingi wanachokisema ni cha maabara. Ndani ya spirulina mna rangi ya buluu iitwayo faikosianini. Ukiitoa, ukaitia kwenye kibakuli chenye chembe za saratani, chembe zile hupunguza kasi ya kukua, nyingine hufa. Hilo ni kweli na limerudiwa mara nyingi. Lakini ndani ya kibakuli hata sabuni huua chembe za saratani, na hakuna anayetushauri tunywe sabuni. Kati ya kibakuli na titi la mama kuna tumbo, ini, damu, na swali la kiasi gani cha kitu hicho kinafika kinakotakiwa kufika bila kuharibu kingine.

Hatua ya pili ni wanyama. Katika miaka ya 1980 watafiti wawili wa Boston, Marekani, Joel Schwartz na Gerald Shklar, walipaka kemikali ya kuleta saratani ndani ya mashavu ya hamsta, wanyama wadogo wanaofanana na panya. Uvimbe ulipoota wakautibu kwa mchanganyiko uliotolewa kwenye spirulina na mwani mwingine, na uvimbe ukapungua. Habari hiyo ilisisimua watu, na kwa haki.

Hatua ya tatu ndiyo ya binadamu, na hapo njia inakuwa nyembamba sana. Utafiti unaotajwa kuliko yote ulifanyika Kerala, kusini mwa India, ukachapishwa mwaka 1995. Waliochunguzwa walikuwa watafunaji wa tambuu yenye tumbaku ambao walikuwa na madoa meupe mdomoni, madoa ambayo baadaye yanaweza kugeuka saratani. Watu 44 walipewa gramu moja ya spirulina kila siku kwa mwaka mzima. Kwa 20 kati yao madoa yalitoweka kabisa. Katika kundi lingine la watu 43, ambao hawakupewa spirulina halisi, yalitoweka kwa watatu tu. Tofauti hiyo ni kubwa, na mtu mwaminifu hawezi kuipuuza.

Ila tusome mpaka mwisho, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu wakati wa mtihani. Kwanza, madoa yale hayakuwa saratani. Yalikuwa dalili ya hatari. Pili, walipoacha kutumia, 9 kati ya wale 20 yaliwarudia kabla ya mwaka kwisha. Tatu, miaka 30 imepita, na hakuna utafiti mkubwa wa binadamu ulioonyesha kwamba spirulina imemponya mtu saratani ya titi, ya kizazi, ya tumbo au ya ini. Makaratasi ya sokoni huichukua Kerala, yakafuta neno madoa, yakaandika saratani. Neno moja tu limebadilishwa, na jirani yangu amelilipia miezi mitano.

Kuna kisa kingine ambacho wauzaji hawakitaji kabisa. Baada ya majaribio ya hamsta, wengi waliamini kwamba siri imo katika ile rangi ya karoti. Nchini Finland wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000 wakaingizwa katika jaribio kubwa, baadhi yao wakipewa vidonge vya rangi hiyo kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza vidonge vile walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuvimeza. Jaribio kama hilo Marekani likasimamishwa mapema mwaka 1996, kwa kuwa nalo lilikuwa linaelekea huko huko. Kitu kilichoponya shavu la hamsta kilimwongezea mvutaji sigara hatari. Spirulina si vidonge vile, na sisemi kwamba inaleta saratani. Nasema ndiyo maana mtu akitoka na habari ya kibakuli au ya hamsta, tumwambie asante, arudi akishawapima watu.

Wakati nikifundisha somo hili kidato, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama ni uchafu wa kijani wa ziwani, kwa nini tusiende kujichotea bure?" Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka kile kifuko kisicho na jina.

Familia ya mwani wa kijani na buluu ina watoto wema na watoto wauaji, na kwa macho matupu huwezi kuwatofautisha. Mmoja wa wauaji anaitwa mikrosistisi, naye hutoa sumu iitwayo mikrosistini inayoshambulia ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Mwaka 1996, mjini Caruaru nchini Brazil, maji yenye sumu ya namna hiyo yalitumika katika kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi ya wagonjwa 50 walikufa. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka aina moja kuu ya mikrosistini katika orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu.

Rejea sentensi hiyo. Kutoka ukoo ule ule ambao kwenye kopo unaitwa kinga ya saratani, hutoka sumu ambayo wataalamu wanaishuku kuleta saratani.

Tusidhani kwamba hayo ni ya kwetu maskini tu. Katika jimbo la Oregon, Marekani, kuna ziwa liitwalo Upper Klamath, ambako huvunwa mwani mwingine wa jamii hiyo, ukakaushwa na kuuzwa kama chakula cha afya. Unaota wenyewe ziwani, na mikrosistisi huota humo humo. Mwaka 1997 jimbo hilo liliweka kiwango: sumu isizidi maikrogramu moja katika gramu moja ya unga. Wataalamu wakapima sampuli 87 za bidhaa hizo. Sampuli 85 zilikuwa na sumu, na 63 zilivuka kiwango. Zilikuwa zinauzwa kwa watu waliojali afya zao, wengine wakiwapa watoto.

Spirulina iliyofugwa vizuri ina nafuu katika hili. Hufugwa kwenye mabwawa mafupi ya kujengwa, maji yaliyotiwa magadi mpaka viumbe vingine vishindwe kuishi humo, ikachujwa kwa kitambaa na kukaushwa. Hatari inakuja pale mtu asipojua kilichomo kifukoni kimetoka bwawani au kimechotwa ufukweni. Ziwa Victoria, hasa ghuba ya Winam upande wa Kenya na ghuba ya Mwanza, limekuwa likifunikwa na utando wa kijani kutokana na mbolea na maji machafu yanayoingia humo, na mikrosistisi imo katika utando huo. Mtu mwenye njaa ya fedha akiukausha, akausaga, nani pale Mugina atakayejua? Mimi mwenyewe, pamoja na darubini ya shule yenye kioo kilichopasuka, sitajua. Unga ukishasagwa umesagwa.

Sasa kwa nini watu wetu wanauamini? Wakubwa wa mjini hutoa jibu jepesi kwamba ni ujinga. Hapo nakataa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Walitoka Tanzania na nchi jirani, mawaziri na wabunge wakiwamo. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini wakafia njiani au kwenye foleni. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Watu hawakufuata ujinga. Walifuata jambo ambalo hospitali haikuwapa, yaani kuambiwa utapona, kwa bei unayoiweza, leo hii.

Na hospitali yenyewe ni safari. Saratani nyingi zinahitaji upasuaji, dawa na mionzi, na mionzi katika ukanda wetu imekuwa ya kutafutwa kwa tochi. Mashine pekee ya mionzi ya umma nchini Uganda ilipokufa mwaka 2016, zaidi ya mwaka ulipita kabla mpya haijaanza kazi. Dar es Salaam kuna taasisi ya Ocean Road, na ni mbali. Rwanda ilifungua kituo cha saratani cha Butaro mwaka 2012, na baadhi ya watu wetu wakaanza kuelekea huko. Januari 2024 Burundi ilipofunga mpaka wa nchi kavu na Rwanda, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Jirani yangu alipohesabu nauli, chakula, pa kulala na mtu wa kumsindikiza, unga wa mbuzi wawili ulionekana bei ya bure.

Kwetu sisi tuliorudi kutoka ukimbizini kuna jambo la ziada, na sijaona likiandikwa. Tumelelewa na unga wa kutoka mbali. Kambini, mtoto aliyekonda alipewa unga wa njano wa mahindi na soya, umo katika gunia lenye maandishi ya kigeni, na kweli mtoto aliinuka. Niliona kwa macho yangu mdogo wangu akiinuka. Kwa hiyo mtu akituletea unga wa rangi ya ajabu wenye maandishi ya kigeni, moyo unakubali kabla ya akili haijauliza. Tofauti ni kwamba ule wa kambini ulikuja na mizani, kadi na muuguzi wa kumpima mtoto kila wiki, na usiposaidia mtoto alipelekwa kwingine. Unga wa Mugina hauji na mizani. Usiposaidia, unaambiwa uongeze kijiko.

Muuzaji wa lile kopo zuri ninamfahamu. Tulisoma pamoja kambini, na alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi. Nilimrudia wiki mbili baadaye tukakaa kwenye benchi la duka lake. Akanionyesha karatasi iliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Nilihesabu magonjwa 27 kabla sijachoka. "Mwalimu," akasema, "mimi nauza nilichoandikiwa. Hata mama yangu mzazi ninampa." Nikamwamini, kwa sababu najua anavyompenda mama yake. Kopo lake lina alama ya ubora. Akaniuliza, sasa kama serikali imeipitisha, kosa langu liko wapi?

Hilo ni swali la wengi na linahitaji jibu wazi. Alama ya shirika la viwango, iwe TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya au BBN ya hapa kwetu, inapowekwa kwenye chakula inasema chakula hicho kimekidhi masharti ya chakula. Haisemi kinatibu. Unga wa mahindi nao una alama hiyo. Dawa hupita mlango mwingine, mgumu zaidi, wenye majaribio kwa wagonjwa. Anayeuza chakula na kukiita dawa ameruka mlango huo, hata kama kopo lake ni halali.

Akataka kujua amuulize nini mwenye jumla wake. Nikamwambia aulize kwanza unga umefugwa bwawani au umevunwa ziwani, na wapi. Kisha aombe karatasi ya maabara ya mzigo ule ule, siyo ya mwaka juzi, inayoonyesha umepimwa mikrosistini na madini mabaya kama risasi, zebaki na aseniki, maana mwani hunyonya kilichomo majini, kizuri na kibaya. Mwenye jumla akikasirika kwa maswali hayo, jibu limeshapatikana. Vifuko visivyo na jina asivipokee hata kwa mkopo. Na ile karatasi ya magonjwa 27 aichane.

Alinyamaza kidogo, akasema akiichana atauza nusu ya anachouza. Huenda ni kweli. Sikuwa na la kumfariji, ila nilimsimulia habari za akina mama wa Kossorom na tani zao 40. Akacheka akasema Warundi hawatatia kitu cha kijani namna hiyo kwenye maharage. Nikamkumbusha kwamba sombe nayo ni ya kijani.

Jumapili iliyopita tulikwenda wote wawili kwa jirani yangu. Yeye ndiye aliyezungumza, siyo mimi. Alimwambia, "Dada, nilikuuzia chakula nikakwambia ni dawa. Nisamehe, na urudi hospitali." Mama yule hakusema neno kwa muda mrefu, kisha akauliza kama bado kuna wakati. Nilimjibu kwamba hilo atalijua daktari akimpima upya, na kwamba kila wiki inayopita inapunguza kinachoweza kufanyika. Muuzaji amerudisha fedha ya mbuzi mmoja. Wa pili ameomba muda. Kaka yake mama ameuza baiskeli.

Jumatano wamepanda basi la alfajiri kwenda Bujumbura, yeye na mwanawe mkubwa. Kopo lililobaki nusu limo ndani ya mkoba, kwa sababu nilimshauri alionyeshe kwa daktari na aseme ukweli ni kiasi gani amekunywa na kwa muda gani, ili ini lake lipimwe kabla ya kuanza dawa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari kusini mwa Burundi.